Pumzi Kwenye Nguzo za Taa

Mzee Kibwana alikuwa anammiminia mteja kahawa pale aliposahau kupumua.

Sikudhani, fundi wa mabango, aliyaona yote. Alikuwa amechuchumaa hatua chache tu kutoka kwenye jiko la mzee, chini ya nguzo ya taa iliyoinamisha shingo yake ndefu mpaka usawa wa kifua, ili yeye fundi aweze kushona pindo la bango lililofumuka. Mwanawe Tunu alikuwa mgongoni, amelala fofofo, kafungwa kwa mbeleko na juu yake kanga. Mchana ulikuwa umetulia, milima ya Uluguru imejifunika ukungu kidogo kichwani. Katika jiji lote la kati, Katikati Mpya, tangu kwenye mzunguko wa zamani mpaka stesheni, mabango ya nguo yalikuwa yakipanda na kushuka taratibu kwenye nguzo zake kama vifua vya watu waliolala, na chini yake watu wa Morogoro wakitembea na kupumua kwa mwendo uleule bila kujijua.

Ghafla mabango yakatulia, yote kwa pamoja.

Mtaa nao ukasimama. Mwanamke aliyekuwa akimenya chungwa akaacha kisu katikati ya ganda. Vijana wawili waliokuwa wakibishana habari za mpira wakabaki midomo wazi, hoja zimewakauka. Kila uso ukainuka, kila jicho likaangukia bango lililo karibu, ambamo chupa ya juisi ya ukwaju ilikuwa ikitiririka jasho la baridi. Ilikuwa kitambo cha kumeza mate mara mbili tatu. Kisha mabango yakavuta pumzi, na mtaa ukavuta, kisu kikaendelea na chungwa na mpira ukaendelea na ubishi wake.

Mzee Kibwana hakuvuta. Dele likamponyoka, kahawa ikamwagika kwenye makaa ikapiga kelele, naye akaenda chini polepole kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Walimkimbilia. Mmoja akamfungua vifungo vya kanzu, mwingine akampepea kwa sinia la kashata, na mtu mmoja mwenye akili akamlaza ubavu na kumpiga mgongoni mpaka pumzi ikaja, na mlio wake ulikuwa wa bawaba iliyoshika kutu. Bajaji ya hospitali ikamchukua. Watu wakasema ni uzee, wengine wakasema ni moshi wa makaa, na kijana mmoja akatania kwamba mzee ameiona bei ya ile juisi. Wakacheka kidogo, cheko la watu waliotishika, wakatawanyika. Hakuna aliyeyatazama mabango kwa jicho la shaka. Nani hukishuku kitambaa?

Sikudhani peke yake ndiye aliyebaki pale, mkono wake mmoja umeenda nyuma na kutua kwenye makalio ya Tunu. Katika ule ukimya alikuwa ameisikia mgongoni mwake ile hali anayoijua kuliko jina lake. Kifua cha mtoto kilisimama, kisha nguo ikambana kidogo, kisha kifua kikatembea tena. Mtoto na mabango walikuwa wametulia pamoja.

Hapana, alijisahihisha. Mtoto ndiye aliyetangulia. Mabango yalimfuata.

*

Tunu alizaliwa njiti. Mapafu yake mazima, daktari alisema, moyo wake mzima, ila kichwa bado hakijaizoea kazi ya kuishi. Akilala usingizi mzito husahau kupumua, na lazima kitu kimkumbushe. Akishatimiza mwaka atakuwa amevuka. Kabla ya hapo inafaa awekewe kitandani kifaa kinacholia mtoto anaposahau, lakini vifaa ni vichache na wanaovingoja ni wengi. Basi Sikudhani na mumewe Idrisa wakawa wanapokezana kukesha, mmoja amelala, mwingine anatazama kile kifua kidogo, hadi Idrisa alipohamishiwa Tabora na watu wa reli na kumwachia mkewe usiku wote.

Hakumwambia mtu. Kwao watu hawazunguki wakitangaza maradhi ya mtoto mchanga. Ukiulizwa hali yake unajibu ni mzima, tunashukuru, hata kama hujafumba jicho tangu jana, kwani macho ya watu ni mengi na jambo likishatoka mdomoni hujui litalala nyumba ya nani. Mama mkwe alipopiga simu alijibiwa hivyo. Majirani zake wa Kihonda walijibiwa hivyo. Sikudhani akawa anasinzia kazini huku amesimama, sindano mkononi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kushona mabango ya kampuni ya Pendezi, iliyolijenga upya jiji la kati kwa makubaliano kwamba nguzo zote za taa ziwe zake. Nguo ya mabango yale ilikuwa hai kwa namna yake. Nyuzi zake zilihisi joto, mwendo na mtazamo wa wapita njia, na kila bango lilijifunza lenyewe namna ya kumvuta mtu. Kwenye pindo ulipita uzi mkuu, na kwa uzi huo bango liliazimana ujanja na wenzake, hata walio mbali. Bango likichoka, sheria ya karakana ilikuwa moja: kata uzi mkuu kwanza, pindo lote, ndipo uitie nguo kwenye mashine ya kusaga.

Siku moja bango lililoletwa kusagwa halikuwa hata limechoka, lilikuwa na doa tu. Mgongo wake wa kijivu ulikuwa laini, na upana wake ulikuwa upana kamili wa mbeleko. Sikudhani alilikunja akalitia kapuni, na daftarini akaandika kwamba limesagwa. Wala hakulikata pindo. Mwanamke yeyote aliyefundishwa kushona na shangazi yake angefanya vilevile: nguo iliyokatwa pindo hufumuka, na nguo inayofumuka humfungi nayo mtoto. Alilikunja lile pindo kwa ndani mara mbili, akalishona kwa mishono midogo midogo ya kujivunia. Alijua nguo hai hula umeme wa nguzo. Nje ya nguzo, aliwaza, itakula nini? Hakuwaza kwamba mgongo wa mama na tumbo la mtoto vina joto ambalo chuma cha nguzo hakijawahi kuwa nalo.

Jioni ya kwanza Tunu aliposahau, kabla Sikudhani hajageuka, nguo ilimbana mtoto taratibu, kama kiganja, akavuta. Sikudhani alikaa kitandani akalia mpaka akachoka. Tangu siku ile akawa analala, kwani nguo haikushindwa hata mara moja kumkumbusha mtoto.

*

Alasiri ileile mafundi wote waliitwa kwenye chumba cha ramani. Aliyewaita ni Koleta Mloka, mkuu wao, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza hata akikukaripia. Si mtu mbaya. Ndiye aliyemchukua Sikudhani akitokea moja kwa moja masomo ya jioni, na ndiye aliyeruhusu wanyonyeshao waje na watoto mgongoni, jambo ambalo wakubwa wa Pendezi hawakulipenda.

Ukutani nyuma yake jiji la kati lilikuwa limechorwa kwa vidoa vya mwanga, kila nguzo na kidoa chake, na vidoa vyote vilififia na kung'aa, vikafifia na kung'aa. Koleta alieleza kwamba miezi hii mabango yamejifunza kupumua na hakuna aliyeyafundisha. Kila saa, alisema, mabango huulizana nani kafanikiwa zaidi, na aliyefanikiwa huwa kiongozi, wengine wote wakamwiga. Kiongozi wa sasa hajapata kushindwa. Ajabu yake ni kwamba hayupo kwenye nguzo yoyote, na namba yake imeandikwa kwamba ilishasagwa zamani. Fundi mmoja akasema basi hilo ni jini, wote wakacheka, na Koleta akacheka nao.

Kisha akaingia kwenye neno lililomwitisha kikao. Ile hali ya mabango kutulia, ambayo ofisini wanaiita tuo, ndiyo dhahabu yao. Mtu hutazama bango kwa kupitisha jicho tu, lakini kwenye tuo hakuna hata mmoja anayetazama pengine. Wenye biashara wanaipigania. Kwa hiyo jioni hii, watu watakapomiminika kutoka madukani na maofisini, tuo litarefushwa mara mbili yake, na likikubali litarefushwa tena. Amri itakwenda kwenye kila nguo yenye uzi mkuu mzima, popote ilipo.

Kuna aliyeuliza habari za Mzee Kibwana. Koleta alisema amepiga simu hospitali mwenyewe, mzee yu hai, kampuni itagharamia kila kitu, na kwamba ni mtu mmoja mwenye kifua kibovu. Alisema kwa huzuni ya kweli. Halafu akaendelea.

Sikudhani hakusikia tena kilichofuata. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na mgongo wake umepoa. Popote ilipo, Koleta alisema. Amri ile itaingia kwenye nguo iliyomzunguka Tunu tumboni. Kile kiganja kilichomkumbusha mtoto wake kupumua kitaamriwa kumchelewesha.

*

Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Dada Koleta," alisema, "naomba usilirefushe tuo."

Koleta alidhani ni habari ya mzee wa kahawa, akaanza kumpoza. Sikudhani alifungua kanga ya juu, akaukunjua ukingo mmoja wa mbeleko mpaka upande wa pili ukaonekana, wekundu wa ukwaju na nusu ya chupa inayotoa jasho. Koleta alisogea. Aliigusa nguo kwa vidole viwili, kama mtu anayeigusa pasi ya nguo ajue kama ina moto. Tunu alivuta pumzi, na ukutani jiji zima likang'aa. Akaishusha, likafifia.

"Ni yeye," Koleta alinong'ona.

"Anasahau kupumua," Sikudhani alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka nje ya hospitali. Basi likafunguka lote, njiti, kukesha, Tabora, kapu, pindo. Alieleza huku ametazama sakafu, akingoja kufukuzwa.

Hakufukuzwa. Koleta alivuta kiti akamkalisha, akammiminia maji, akakaa naye goti kwa goti. "Kumbe mdogo wangu umeteseka hivi peke yako, na mimi nakuona kila siku," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Kisha akayafuta, na Sikudhani akaona namna mtu mwema anavyoanza kupiga hesabu.

Nguo hii haitaguswa, Koleta alisema. Ataitoa kwenye amri, jambo la dakika moja. Tunu atapewa kile kifaa cha hospitali kesho asubuhi, na muuguzi wa kukaa naye mchana na usiku, na daktari ataletwa hata kutoka nje ya nchi. Makosa ya kuiba bango yatafutika. Kampuni itaomba kitu kimoja tu, mtoto aendelee kulala kwenye mbeleko yake.

"Alale tu," alisema. "Si analala hata hivyo?"

"Na tuo?"

"Tutalirefusha kwenye nguzo. Kwako halitafika."

"Na waliopo mtaani?"

"Mtaani ni watu wazima, Sikudhani. Mtu mzima akiishiwa pumzi anavuta."

"Mzee Kibwana ni mtu mzima."

Koleta aligeukia ramani ya ukutani. Nje, watu wa zamu ya kwanza walisikika wakishuka ngazi za karakana. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa chini sana, haina tena ukubwa wa kazi.

"Mimi nina watatu. Ningekuwa wewe, lile swali la pili nisingeuliza."

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu ilikuwa kweli, na Sikudhani alijua ni kweli, na moyoni alikuwa ameshasema ndiyo tangu kwenye neno muuguzi. Alijiona amelala. Alijiona anaamka asubuhi mtoto yu mzima, na asubuhi nyingine, na nyingine, mpaka mwaka utimie. Nani angemlaumu? Aliomba atoke kidogo amnyonyeshe Tunu kwenye hewa. Koleta akamwambia aende, ila arudi kabla watu hawajajaa, wakati huo atakuwa ameshamtandikia mtoto kitanda humu ndani. Aliitazama mbeleko kwa hamu, lakini hakuthubutu kuifungua kwa mtoto aliyelala.

*

Jua lilikuwa limeegemea magharibi na vigae vya Katikati Mpya vimegeuka rangi ya asali. Sikudhani alikaa kwenye benchi la mawe chini ya nguzo, pembeni ya mwanamke wa Mgeta aliyeteremka na matenga ya karoti na figili, amevaa masweta mawili kama vile baridi ya milimani ameibeba naye. Wateja walimwita Mama Anjelina. Alikuwa akimtania msichana mmoja aliyetaka kuchagua karoti moja moja, akimuuliza kama anatafuta mchumba humo tengani.

Msichana yule naye alikuwa na mtoto mgongoni, dume la kunona, mashavu yamefura, miguu inarusha mateke. Mtoto wa kumtazama ukacheka. Sikudhani alijikuta anamtazama vile, na anamwonea mama yake wivu, wivu mdogo wa uchovu.

Tunu akasahau.

Alimsikia, kisha mabango yakatulia. Karoti ikabaki hewani mkononi mwa Mama Anjelina. Mtaa wote ukainua uso. Lakini Sikudhani safari hii hakutazama juu, macho yake yalikuwa bado kwa yule mtoto, na akaona mateke yakikoma. Kinywa kiliachama. Macho yakaganda kwenye bango. Kifua cha mtoto mnene, mzima, asiyeumwa kitu, kikasimama.

Nguo ikambana Tunu. Mabango yakavuta, watu wakavuta, karoti ikatua kwenye mzani. Dume la kunona likabaki vilevile, kitambo kingine kizima, midomo ikianza kuwa ya kijivu, kabla halijashtuka na kuvuta.

Mama yake aligeuza shingo akacheka. "Kamezoea haka," aliwaambia. "Siku hizi hata ndani kanafanya. Kanacheza."

Sikudhani alimuuliza tangu lini. Msichana akasema tangu wahamie pale juu ya duka la viatu, dirisha lao limetazamana na bango, na mtoto analipenda kweli, akilia wanamsogeza dirishani ananyamaza. Alionyesha dirisha lenyewe kwa kidole. Sikudhani aliangalia, na karibu na hilo kulikuwa na jingine, na kwenye kamba yake zilianikwa nguo ndogo ndogo za mtoto. Na ghorofa ya juu yake, nyingine tena.

Hakuna mbeleko ya kuwabana hawa. Jioni hii tuo litakuwa mara mbili.

Aliivua kanga, akamfungua Tunu, akamlaza mapajani amezungukwa na ile nguo. Mkasi wa kazi ulikuwa mfukoni. Angeweza kuikata nguo ovyo popote, lakini uzi mkuu haukatwi ovyo, ukibaki kipande huungana na kipande. Lazima ufumue pindo na uutoe wote. Akaanza kufumua. Na mishono ile ilikuwa midogo, midogo mno, mishono ya mtu aliyeshona kwa mapenzi, kila mmoja ukitaka utafutwe kwa ncha ya mkasi. Watu walianza kuongezeka. Milango ya ofisi ilifunguka upande wa benki, viatu vikawa vingi kwenye vigae. Mlangoni mwa karakana alitokea Koleta, akaangaza macho mtaani, akamwona, akampungia mkono aje.

Sikudhani aliinamisha kichwa akaendelea. Mkasi ukamdunga kidole, akaacha tone la damu kwenye wekundu wa ukwaju. Mwanangu nisamehe, alisema moyoni. Kisha akaona kwamba hilo halitoshi, kwamba hata yule mtoto mwingine ana mama, akaacha kuomba chochote, akauvuta uzi. Uzi ukatoka, mwembamba, wa moto kidogo. Koleta sasa alikuwa anakuja kwa haraka, amekunja sketi kwa mkono mmoja.

Akaukata, akaukata tena, mpaka ukawa vipande vya ukucha.

Rangi ilitoka kwenye nguo kama maji yanavyotoka kwenye sinki. Mabango ya nguzo, yamekosa wa kumwiga, yakayumba kila moja kivyake, moja likipanda wakati jirani yake anashuka, halafu yakaning'inia tu, nguo kwenye kamba. Watu waliokuwa wakitembea kwa mwendo mmoja walivurugika. Wakagongana mabega, wakaombana radhi, mtu mmoja akauliza kama umeme umekatika. Mtaa ulijaa pumzi za kila aina, ndefu, fupi, za kukohoa, za mwenye mafua.

Koleta alifika, kifua kinampanda. "Umefanya nini, Sikudhani?"

Sikudhani alikuwa anamtazama Tunu. Kifua kile kidogo kilipanda. Kikashuka. Kikapanda, kikashuka, na hapo kikabaki.

Alingoja nguo ibane, na nguo ilikuwa kitambaa. Aliitazama mikono yake, nayo ilikuwa imelala usingizi miezi yote ile, imesahau hata ilivyokuwa ikimtikisa zamani. Ndipo akasema kwa sauti, mbele ya matenga na wapita njia, bila kumtazama mtu yeyote:

"Mwanangu anasahau kupumua. Nisaidieni."

Mama Anjelina hakuuliza. Alifuta mkono kwenye sweta, akaushika mguu wa Tunu, akaupiga unyayo kwa ukucha wa kidole, ta. Mtoto hakufanya kitu. Koleta alikuwa ameshika mdomo. Msichana wa juu ya duka la viatu alikuwa amepiga magoti. Mama Anjelina akaupiga tena kwa nguvu zaidi, akainama akampulizia usoni pumzi moja fupi yenye harufu ya udongo wa karoti.

Tunu alikunja uso. Akavuta hewa ndefu, akaitoa kwa kilio cha hasira, kilio cha mtu aliyeamshwa bila sababu.

Mama Anjelina, akiwa bado ameshika ule mguu, alimuuliza Sikudhani kwa ukali kwa nini amekaa na jambo kama hili kifuani. Kwao, alisema, mtoto wa namna hii hupita mkono kwa mkono mpaka akue, halali bila mtu macho, na wala si jambo la kumficha mtu. Amelea wawili hivyo. Mmoja sasa anacheza ngoma mpaka analeta kero.

Koleta aliokota nguo kwenye vigae. Aliikunja mara nne, kwa uangalifu, kama vile bado ina kitu. "Hii ni mali ya kampuni," alisema, na haikusikika kama anamwambia mtu. "Kesho usije kazini." Akapiga hatua, akasimama, akageuka. Alimtazama Tunu, akangoja, hadi alipokiona kifua kinapanda. Ndipo akaondoka, akipita chini ya nguzo bila kuinua macho.

Kazi imekwenda, na kile kifaa, na muuguzi. Sikudhani alingoja majuto yamfikie, akajua yapo njiani, yatafika tu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba benchi la mawe lilimwonea huruma.

Mama Anjelina alisogeza matenga yake karibu na benchi. "Mimi nipo hapa mpaka karoti ziishe," alitangaza. "Baada yangu nani?"

"Mimi," alisema msichana, na sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa amemshusha dume lake mgongoni na kumkumbatia kifuani, mkono mmoja kwenye mbavu zake. "Nakaa hapo juu. Tutawalaza pamoja, nami nataka kumtazama wangu."

Mtu mwingine nyuma akasema yeye anapita Kihonda kila asubuhi. Mwingine akauliza unampiga unyayo wapi hasa, kisigino au katikati. Wakaanza kubishana.

Tunu alikuwa amenyamaza, macho yanamlegea. Sikudhani alitaka kumchukua, lakini Mama Anjelina alishamweka pajani mwake, baina ya masweta mawili, na amekunja ukucha tayari.

"Jina lake nani?" aliuliza. "Siwezi kumwita mtu arudi nami simjui jina."

"Tunu."

Mtoto alisinzia. Pumzi yake ilishuka, ikakawia. Mama Anjelina aliinama mpaka mdomo wake ukagusa lile sikio dogo.

"Tunu," alimwambia, "vuta, mama, sote tupo."

Akavuta.